Kibao cha spidi kikiwa hakipo, tochi ya trafiki inapima nini?

Juzi kati nilikuwa nawahi msiba, njia ya kaskazini, kwenye gari tumo wanne, mimi ndo naendesha, baba mdogo kakaa mbele na mashangazi wawili nyuma. Tukapita kijiji kimoja hivi, nikashuka mpaka 48, tukavuka rasta za shuleni, yale matuta madogo ya kupunguza mwendo, nyumba zikaisha, kushoto mkonge kulia mkonge, hata mbuzi hakuna. Nikaanza kukanyaga mafuta taratibu. Mbele kidogo trafiki wa kike akatoka chini ya mti kanyoosha mkono.

"Shikamoo baba," akaanza na baba mdogo, halafu akanigeukia mimi. "Kaka naomba leseni. Umepita hamsini na sabini na nne."

"Afande samahani, hamsini si imeisha kule kijijini?"

"Kibao cha kuimaliza umekiona wapi?"

Nikakosa jibu kwa sababu kweli sikukiona, na nilikuwa natazama. Nikataka nianze kumwelezea, baba mdogo akanigusa goti, akaniambia mwanangu lipa twende, mazishi saa kumi. Nikalipa 30,000. Yule afande wala hakuwa mkorofi, hakuomba kitu, aliandika notifikesheni yake, ile karatasi ya faini, vizuri, akatupa pole ya msiba. Nasema hivi mapema maana habari za trafiki ukizianza tu watu wanajua inakuja habari ya rushwa, na hii ya leo siyo hiyo kabisa. Hapa naongelea faini iliyoandikwa halali, ikaingia kwenye mfumo halali, na risiti ninayo, ila nikiitazama naona kuna kitu kimekosewa na siyo mguu wangu peke yake.

Siku tatu baadaye tunarudi nikasimamisha gari palepale. Nikashuka nikatembea. Kibao cha kuanza hamsini kipo, ila tawi la muarobaini limekifunika, unakiona ukishakikaribia. Cha kumaliza, kile chenye michirizi ya kukata, hakipo. Kuna kipande cha bomba kimetoka ardhini urefu wa goti, kimekatwa kwa msumeno, kina kutu. Kwa kutu ile huyo aliyekata hajakata mwezi jana. Nikaseti kilomita kwenye dashibodi, kutoka nyumba ya mwisho mpaka pale niliposimamishwa ni kilomita 1.3 ya mkonge mtupu.

Sasa tuanze na sheria yenyewe, maana wengi wetu madereva tunabishana na trafiki kwa hoja dhaifu wakati hoja nzuri tunayo. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya 1973, Sura ya 168, kifungu cha 51 ndo kinaongelea spidi. Hamsini inatokana na sheria kwanza, kibao kinakuja baada yake. Sheria inasema kwenye mji, kwenye makazi ya watu, mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na magari mazito yana 80 yao huko nje ya makazi. Kwa hiyo dereva anayesimama mbele ya afande au mbele ya hakimu akasema "mimi sikuona kibao" akiwa kakamatwa katikati ya soko, kuna mama anauza nyanya huku na bodaboda wamepaki kule, huyo hana kesi. Ataambiwa nyumba uliziona, watu uliwaona, ulitaka uambiwe na nani kwamba hapa kuna makazi. Na mimi nakubaliana na huyo hakimu kwa asilimia zote.

Lakini geuza hiyohiyo hoja uone inavyokata upande wa pili. Kama kinachofanya hamsini iwepo ni makazi, basi makazi yakiisha na kibao hakipo, hamsini inaendelea kuishi kwa mamlaka ya nani? Hapo ndo pa kusimamia. Usiseme sikuona kibao. Sema afande, hapa siyo makazi, na hakuna kibao kinachosema nibaki kwenye hamsini, hicho cha nyuma kilikuwa cha kijiji na kijiji kimeisha kilomita nzima iliyopita. Hizo ni hoja mbili zinazobebana. Ya kwanza inaondoa ile hamsini ya sheria, ya pili inadhoofisha ile hamsini ya kibao. Dereva akiibeba moja tu anaanguka, atajibiwa kwa ile nyingine.

Wenzetu Uingereza hili walishaliandikia kabisa. Sheria yao ya barabara ya 1984 kifungu cha 85 inaweka wajibu kwa mwenye barabara kuweka alama za kuwaonyesha madereva ukomo wa spidi, na inasema barabara isiyo na taa za barabarani, mtu hatiwi hatiani kwa kuzidisha kama ukomo haujaonyeshwa kwa alama. Na mjini kwao zile nguzo za taa zikiwa zimepangwa kwa umbali usiozidi yadi 200, zenyewe ndo zinakuwa ishara kwamba hapa kwa kawaida ni maili 30 kwa saa hata kibao kisipojirudia. Nachokipenda hapo ni wazo lenyewe, kwamba dereva apewe kitu cha kuona kwa macho. Iwe taa, iwe nyumba, iwe kibao, lakini kitu. Kwenye ule mkonge mimi nilipewa kitu gani?

Twende kwenye macho na miguu sasa, maana hii ishu ina hesabu zake. Gari ikiwa 80 inakula mita 22 kila sekunde. Dereva mzima, hajachoka, anahitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kuelewa na kutoa mguu kwenye mafuta, hapo zimeshaenda mita 33. Kushuka kutoka 80 mpaka 50 bila kuwamwagia abiria chai, mita nyingine kama 60. Jumla unakaribia mita 100 tangu ukione kibao mpaka uwe umetii. Ukisafiri usiku na kibao kimepoteza zile rangi zake za kung'aa, au kimelala kwa sababu semi ilikigonga, au majani yamekua baada ya masika na hakuna aliyekuja kufyeka, unakiona ukiwa mita 20. Mita 20 kwenye 80 haifiki hata sekunde moja. Dereva huyo kitu pekee anachoweza kufanya ni kupita hapo akiwa bado na spidi kubwa, au akanyage breki ya ghafla na basi lililo nyuma yake limpande. Na hapo nimesema gari ndogo, fuso iliyobeba mahindi ndo usiseme.

Halafu kuna hawa ambao hakuna anayewafikiria, wanaoingia barabara kuu kutokea njia za pembeni. Umelala gesti kijijini, asubuhi unatoka kwa barabara ya vumbi, unaingia lami ukiwa umeshakipita kibao cha mwanzo, hujawahi kukiona na hutakiona kwa sababu kiko nyuma yako mita 600 upande mwingine. Kama katikati hakuna kibao cha kurudia, huyo mtu anaendesha kwa kukisia. Na vile vibao vya 30 vya ujenzi, mkandarasi kamaliza, kahamisha mitambo, lami inateleza kama kioo, kibao chake kimebaki kimesimama peke yake na hakuna anayejua kama kina nguvu ama kimesahaulika.

Kwa nini vibao havipo? Sababu ya kwanza ni vyuma chakavu. Kibao ni bomba na bati, ni kilo kadhaa za chuma, na kuna mtu atakinunua kwa kilo bila kuuliza kimetoka wapi. Nyingine ni ajali, gari inatoka barabarani inakifyeka, gari linavutwa, majeruhi wanapelekwa, kibao kinabaki mtaroni. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017, na polisi kazi yao ni kusimamia sheria. Sasa angalia mnyororo ulipokatikia: anayeona kila siku kwamba kibao hakipo ni trafiki na dereva, anayeweza kukirudisha ni mwenye barabara, na baina yao karatasi pekee inayotembea ni ya faini, ambayo haina sehemu ya kuandika kibao hakikuwepo. Ile notifikesheni yangu inasema dereva fulani, gari namba fulani, mwendokasi. Ndo imeisha hapo. Kwenye mfumo pale pameandikwa mimi nimevunja sheria, na wakipita mia wengine wanaandikwa vilevile, mwisho wa mwaka mtu akifungua mahesabu anaona eneo lile lina wavunja sheria wengi mno, anachofanya ni nini? Anaongeza tochi.

Hii ndo inayonikera kuliko ile 30,000. Kila faini inayolipwa kimyakimya inafukia ushahidi kwamba barabara ina kasoro. Mimi kwa kulipa nimesaini kwamba kila kitu kilikuwa sawa ila mimi tu. Na kibao kinapokosekana anayeumia kwanza siyo dereva. Fikiria kijiji hichohicho kwa upande wa pili, kwa anayetokea huko mbele, kibao cha kuanza kiko nyuma ya muarobaini. Dereva mgeni anaingia na 90 mpaka kwenye rasta, na rasta ziko mlangoni mwa shule. Mimi tochi imenila pesa, mtoto wa pale inaweza kumkuta gari lenyewe. WHO, shirika la afya la dunia, kwenye ripoti yake ya 2023 ilihesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani duniani kila mwaka, na wanaotembea kwa miguu ni sehemu kubwa. Ndo maana mtu akiniambia kupinga faini ni kutetea mwendokasi namwambia hapana kaka, mimi nataka ile hamsini ya kijijini iheshimiwe zaidi, na haiwezi kuheshimiwa kama dereva ameshazoea kwamba hamsini inaweza kuwa popote, hata porini, inategemea na mti aliosimama trafiki. Akishazoea hivyo anaacha kutafuta nyumba na watoto, anatafuta mti. Anasubiri wenzake wamuwashie taa. Tumefika hapo tayari, kila anayeendesha masafa anajua.

Kwa nini basi hatupingi? Jibu ni bei. Faini ni 30,000 flati, uwe umezidisha kilomita 6 au 40. Kenya kwenye kanuni zao za makosa madogo za 2016 waliweka ngazi, ukizidi kilomita 1 mpaka 5 unaonywa, 6 mpaka 10 ni shilingi 500 za kwao, 11 mpaka 15 ni 3,000, na 16 mpaka 20 ni 10,000, yaani aliyeteleza kidogo na aliyekusudia hawalipi sawa. Kwetu ni moja. Na 30,000 iko kwenye kiwango ambacho kinauma lakini hakifiki kukufanya urudi kilomita 300 kwenye mahakama ya wilaya uliyopita njiani, ulale, ule, upoteze siku mbili za kazi. Dereva wa kampuni ndo kabisa, bosi anakata kwenye posho na mzigo unatakiwa ufike. Serikali iliwahi kusikia kilio cha bei kwa upande mwingine, kwenye bajeti ya 2021/22 faini ya pikipiki na bajaji ikapendekezwa ishuke kutoka 30,000 mpaka 10,000, kwa hiyo siyo kwamba hivi viwango vimeandikwa kwenye jiwe.

Lakini haki ya kukataa ipo. Ile karatasi ni tuhuma. Ukilipa maana yake umekubali kosa na mambo yamefungwa, usipokubali unasema sikubali na unataka suala liende mahakamani, na huko wa kuthibitisha siyo wewe. Katiba ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, na kesi ya trafiki ni jinai kama jinai nyingine, upande wa mashtaka ndo wenye mzigo na wanatakiwa waupeleke mpaka pasibaki shaka ya msingi. Na tangu marekebisho ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo ile hofu ya kusimama unababaika na Kiingereza mbele ya watu nayo imepungua. Muhimu usikae kimya ukadhani umepinga. Kukaa kimya ni deni, linakaa kwenye namba ya gari, linapanda, na siku nyingine utazuiwa njiani na jingine kabisa ukute unadaiwa lile la zamani.

Ukiamua kupinga, kitu cha kwanza ni picha ya tochi. Omba uione, kwa heshima, "afande naomba nione picha tafadhali", na wengi wanaonyesha. Watu wanaangalia spidi na namba ya gari basi. Angalia umbali. Tochi za mkononi za kisasa zinapiga gari ikiwa mbali, mita mia kadhaa, na nyingi zinaandika huo umbali kwenye picha pamoja na tarehe na saa. Maana yake kosa lako halikutokea pale aliposimama trafiki, limetokea pale ilipokuwa gari. Afande anaweza kuwa amesimama ndani ya hamsini kihalali kabisa, akakupiga ukiwa mita 400 kutoka kwake na kibao kiko mita 350 kutoka kwake, yaani bado hujakifikia. Kwenye picha unaonekana mkosaji, kwenye ardhi ulikuwa nje. Na kwa wanaotoka kijijini ni vilevile kwa kurudi nyuma. Umbali huo ndo unaobadilisha kesi, andika namba yake mahali hata kama huruhusiwi kupiga picha ya skrini. Na ni halali kuuliza ile tochi imehakikiwa lini na nani, maana hata mizani ya kupimia sukari dukani inapigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, pampu ya mafuta hivyohivyo, sembuse kifaa cha kumtia mtu hatiani.

Kitu cha pili ni ardhi. Barabara kuu zina zile nguzo za kilomita pembeni, andika ya karibu. Halafu piga picha za njia nzima kutoka kibao kilipo, au kilipotakiwa kuwepo, mpaka ulipopigwa tochi. Video moja ya kuendesha taratibu kutoka nyumba ya mwisho inaongea kuliko picha kumi. Piga na lile bomba lililokatwa, piga na majani, weka kitu cha kulinganisha urefu. Usikae wiki mbili, majani yanafyekwa na kibao kinaweza kurudishwa kesho, na likiwa jambo jema kwa wanakijiji, wewe ushahidi wako umeondoka. Kama una abiria chukua jina la mmoja aliyeona yupo tayari kusema.

Halafu kuna barua. Hii naona ndo kubwa hata kwa ambaye ameshalipa kama mimi. Nimeandika kurasa moja na nusu kwenda kwa wenye barabara mkoani, nimeweka namba ya nguzo ya kilomita, picha sita, tarehe, na nimeomba vitu viwili: kibao kirudishwe na muarobaini ukatwe tawi moja. Sikuomba 30,000 yangu. Nakala nimegongewa muhuri wa kupokelewa. Faida yake ni kwamba kuanzia ile tarehe ya muhuri kuna karatasi nyingine inatembea, siyo ya faini tu, na dereva atakayesimamishwa pale mwezi ujao akaamua kwenda mahakamani anaweza kuonyesha kwamba wenye barabara walishajulishwa. Nadhani vyama vya madereva wangefanya hivi kwa mpangilio, kila dereva na nguzo yake, tungekuwa na ramani ya vibao vilivyopotea kutoka Chalinze mpaka Arusha na kutoka Morogoro mpaka Mbeya ndani ya miezi michache, na trafiki wenyewe nao naamini wangeitaka, kwa sababu wapo wanaosimama juani sehemu ambayo wanajua kabisa dereva amepotoshwa.

Jumapili hii dogo mmoja wa mtaani kwetu anayeendesha noah kanipigia simu, kapigwa hamsini huko kusini, anasema hakukuwa na kibao, anauliza alipe au afanyeje. Nikamuuliza nyumba ya mwisho uliiona wapi, akasema bro nyumba zilishaisha kitambo. Nikamuuliza umbali kwenye picha, hakuangalia. Nguzo ya kilomita, hajui. Nikamwambia basi geuza gari, mwombe afande akuonyeshe picha tena, halafu rudi mpaka kwenye nyumba ya mwisho uanze kurekodi, na kamera iweke usawa wa macho ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva.